Shati la Kijani

Jumamosi, saa kumi, nyuma ya soko la Mwanga,
wanawake kumi na mmoja tumevua viatu
kwenye uwanja wa shule. Magunia ya mihogo
yametandikwa, tuangukie.
Afande Bukuru, magereza mstaafu, goti moja bovu,
anatukagua kama mtu anayechagua migebuka.
"Nani anajua kupiga ngumi?"
Mikono saba.
"Shusheni. Nani anajua kupiga kelele?"

Basi tukaanza na koo,
mmoja mmoja, tukiuelekea ukuta wa darasa la tatu.
Zamu yangu akanikamata kifundo cha mkono:
"Mimi si Bukuru. Mimi ni yule unayemwogopa. Haya."
Nikafungua mdomo.
Likatoka: "Samahani."

Fidea wa mawese alicheka mpaka akakaa chini.
Nami nilicheka.
Usiku, mguu juu ya cherehani, nilitafuta
neno lile nililishonewa wapi.
Shangazi alikuwa akisema sauti ya mtoto wa kike isivuke ua.
Miaka thelathini na minne, haikuvuka.

Mengine Afande alitupa kwa mafungu, kama dagaa:
Mkoba mpe, mkoba hununuliwa.
Ukishikwa, tafuta dole gumba lake liko wapi;
hapo ndipo mlango, vutia huko.
Kiwiko. Kiwiko, Fidea, si kucha!
Kimbilia penye watu, usikimbilie kwako,
asije akajua unapolala.
Na usiite "jamani." Jamani ni nani?
Taja unachokiona.

Novemba, umeme umekatika hadi Katubuka.
Gauni la bibi harusi lilinichelewesha,
shanga mia mbili, na mama mkwe mwenye maoni.
Nyuma yangu, nyayo.
Nikapunguza, zikapunguza.
Nikavuka njia, zikavuka.
Tumbo lilijua kabla ya kichwa,
na kichwa kikaanza kulibembeleza:
labda ni jirani, labda anawahi kwake, usimwaibishe mtu.
Nilipomaliza kufikiri hayo
mkono ulikuwa umeshanifikia.

Bodaboda ikapanda kutoka bondeni,
taa ikampaka mara moja, ikapita.
Mimi ni fundi. Mara moja inanitosha.
"SHATI LA KIJANI! KOLA IMECHANIKA! NIACHIE!"
Sikuijua ile sauti. Iligonga mabati
ikarudi na mbwa watatu.
Na yeye, nawaapia,
akapeleka mkono kwenye kola yake
kuangalia.
Ukabaki mmoja tu ulionishika.
Dole gumba. Mlango. Nikatoka.

Milango mingine nayo ikafunguka:
baba mwenye kandili, kijana na mwiko wa ugali,
bibi aliyeuliza "Yuko wapi huyo wa kijani?"
kana kwamba wamepatana kukutana.
Alishatelemka gizani, kuelekea reli.
Wakanikalisha kizingitini, watu nisiowajua,
wakanipa chai, nikaimwaga yote mapajani
kwa kutetemeka.

Polisi, kwenye dawati, dada aliuliza alifananaje.
Nikampa shingo, inchi kumi na tano na nusu,
bega la kushoto limeshuka.
Akaniangalia, akaandika.
Mpaka leo hajapatikana. Kola za watu nazitazama.

"Hukutuambia habari ya kutetemeka,"
nilimlalamikia Afande Jumamosi.
Alikuwa anakunja magunia.
"Hata mimi hutetemeka," akasema. "Baadaye.
Baadaye ni ruhusa."

Asubuhi ya leo Ansila wangu, miaka sita,
amelikataa bakuli la uji:
"SITAKI!"
Limevuka ua, limevuka njia,
muuza maandazi amegeuka.
Mkono wangu ulikuwa njiani kumziba mdomo.
Nimeurudisha kwenye sufuria.
Uji atakunywa, hilo halina mjadala.
Ila nimengoja kwanza
amalize.